Mwongeaji na Mkimya Chini ya Mawenzi

Siku ya soko Tarakea, wilayani Rombo, shilingi za nchi mbili hupishana kwenye kiganja kimoja. Wanunuzi wanavuka kutoka Illasit na Loitokitok, upande wa Kenya, kufuata maharage, mahindi na ndizi. Wa upande huu nao wana yao ya kufuata kule. Bei haijaandikwa popote. Inatafutwa kwa mdomo, na mwenye mdomo mzito hurudi nyumbani na mzigo wake.

Mama mmoja anayeuza maharage ya njano ana mdomo mwepesi kuliko wote kwenye mstari wake. Mteja akisema, "Mathe, hiyo ni ghali," yeye anamuuliza kwanza kama mvua imenyesha kwao, anamtania kuhusu viatu vyake, anachota maharage kwa kopo na kuyamwaga taratibu ili mteja aone hayana mawe, anabadilisha shilingi ya Kenya kuwa ya Tanzania kichwani, na kabla mteja hajakumbuka kwamba alikuwa anaondoka, gunia limeshashonwa. Mumewe nilimkuta ng'ambo ya barabara ameegemea baiskeli, akisubiri kubeba magunia matupu. Tukasalimiana. Nikamuuliza soko linaendaje. "Linaenda," akasema. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yetu.

Wana zaidi ya miaka ishirini kwenye ndoa. Waliniomba nisiwataje majina, na kwa Tarakea ilivyo ndogo nimeona ni busara. Kila anayewafahamu amewahi kuuliza, mbele yao au nyuma yao, hawa wawili wanaendanaje.

Swali hilo la kuendana siku hizi lina wataalamu wake. Ukihudhuria semina ya wanandoa kanisani, hukosi kukutana na makundi manne: sangwini mchangamfu, koleriki anayetaka kuongoza kila kitu, melankoli anayechambua jambo hadi uzi wa mwisho, na flegmatiki ambaye hata nyumba ikiungua atauliza kwanza kama chai ipo. Makundi hayo ni ya kale sana; Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliyahusisha na majimaji manne ya mwilini. Majimaji yenyewe tiba ilishayatupa, lakini mwaka 1966 mchungaji Mmarekani Tim LaHaye aliyatolea makundi hayo kitabu, na tangu hapo walokole wa dunia nzima wanayo. Vijana wa vyuo vya Moshi wao wamehamia kwenye herufi nne za kipimo cha Myers-Briggs. Wanajibu maswali kwenye simu, wanapewa aina moja kati ya 16, kisha wanatafuta aina gani inafaa kuoana na yao. Nimesikia binti akimkataa kijana kwa herufi moja tu.

Chimbuko la herufi hizo husimuliwa mara chache, nalo ni jambo ambalo Mchagga yeyote mwenye mkwe angelielewa haraka. Huko Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, binti aitwaye Isabel Briggs alimleta nyumbani mchumba wake, Clarence Myers. Mama wa binti, Katharine, akaona kijana ni mzuri ila hafikiri kama wao. Wao walikuwa watu wa ndoto na mawazo ya mbali, huyu ni wa vitu vinavyoshikika na hesabu zinazokamilika. Mama mkwe akaanza kuwachunguza watu na kuwapanga kwa aina. Kitabu cha Carl Jung kuhusu aina za nafsi, cha mwaka 1921, kilipotoka kwa Kiingereza mwaka 1923, akakiona kinasema alichokuwa anakitafuta, na baadaye mama na binti wakatengeneza maswali yao wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakuna kati yao aliyesomea saikolojia. Isabel na Clarence, wasiofanana, walioana mwaka 1918 na wakaishi pamoja hadi Isabel alipofariki mwaka 1980. Kwa hiyo kipimo ambacho leo kinawafanya vijana wakimbie wasiofanana nao kilizaliwa kutokana na ndoa ya wasiofanana iliyodumu zaidi ya miaka 60.

Wanasayansi wamekuwa wagumu zaidi kuridhika. Wengi wanaorudia jaribio la herufi baada ya wiki chache hupata aina nyingine, jambo ambalo si dalili nzuri kwa kipimo. Na kuhusu ndoa zenyewe, Portia Dyrenforth na wenzake walichapisha mwaka 2010 uchunguzi wa maelfu ya wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani. Walikuta kwamba kufanana kwa tabia kati ya mke na mume kunaeleza sehemu ndogo mno ya kuridhika kwao. Kilichokuwa na uzito ni tabia ya kila mmoja kwa nafasi yake: aliye mpole, anayetimiza wajibu, asiyepandwa na hofu na hasira kila saa, huridhika zaidi na humpa mwenzake nafuu, awe ameoana na wa aina yake au la. Kwa maneno mengine, mkorofi ni mkorofi hata akimpata mkorofi mwenzake.

Mimi nina shaka nyingine, na Tarakea ndiko ilikonikomalia. Mengi tunayoyaita tabia ni kazi tu.

Fikiria kihamba, shamba la Mchagga linalozunguka nyumba yake. Kwa mila ya mlimani, kahawa ni ya mwanaume, ndizi ni za mwanamke. Mche wa kahawa unaupanda leo na kuanza kuvuna baada ya miaka kama mitatu. Ukishavuna unamenya, unaloweka, unaanika, unageuza, unalinda mvua isinyeshee, unapeleka chama cha msingi, kisha unangoja. Malipo huja kwa awamu, na tangu chama kikuu cha ushirika, KNCU, kianzishwe mwaka 1933 vizazi vya wanaume wa Kilimanjaro vimejifunza kukaa na karatasi ya chama mfukoni na kutosema kitu. Kupiga kelele hakujawahi kuivisha kahawa. Ndizi ni kinyume chake. Mkungu unakatwa jioni, asubuhi uko sokoni, na jioni ile ile umeshakuwa chumvi, sukari na daftari la mtoto. Asiyejua kumwita mteja, kumchekesha na kumbembeleza anarudi na ndizi zinazoanza kuwa nyeusi.

Basi mlee mvulana kwa kahawa na msichana kwa ndizi, waoze, halafu ushangae kwamba mmoja anaongea na mwingine ananyamaza! Mwanamume anaonekana mzito, mwanamke anaonekana msumbufu, na mtaalamu wa semina anawapa kila mmoja jina la kigeni. Ni kweli kahawa imepungua. Bei ilipoanguka wengi waling'oa mibuni wakaweka mahindi au migomba mingi zaidi. Lakini mazoea ya kungoja hayang'oki kwa jembe. Bado kuna wanaume Rombo wasio na mti hata mmoja wa kahawa wanaoishi kana kwamba malipo ya awamu ya pili yako njiani.

Nyumbani kwa wanandoa wangu nilipata uthibitisho nusu. Yule bwana wa "linaenda" nilimkuta kwenye banda la ng'ombe, anawakatia majani ya migomba, na alikuwa anaongea. Alikuwa anamweleza ng'ombe mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini hatapewa pumba jioni hiyo, na nani alizimaliza, na kwamba lawama zipelekwe kwa huyo. Niliposogea akanyamaza. Baadaye, aliposhika kibuyu cha mbege, ile pombe ya ndizi, na kuona siandiki tena, alinieleza kwa urefu kuhusu ugonjwa wa migomba, na alieleza vizuri. Si kwamba hana maneno. Anayatoa pale ambapo hakuna bei inayopigwa.

Mkewe naye hakuwa yule wa sokoni. Alivua viatu, akakaa kwenye kigoda karibu na moto, akanyamaza muda mrefu. "Kule mimi nauza mpaka sauti yangu," akaniambia. "Nikirudi sitaki mtu mwingine wa kumchangamkia. Mdogo wangu aliolewa na mwongeaji kama yeye. Nyumba ile ni redio mbili, kila moja na stesheni yake." Nikamuuliza kama alijua hayo wakati anachumbiwa. Akacheka. Alisema alimpenda kwa sababu wakati wa posa wajomba walibishana juu ya mbege na mbuzi hadi giza likaingia, na yeye mwenyewe bwana harusi hakutia neno. Akaona huyu hatakuwa mtu wa kugombana naye. Alikosea, kwa mujibu wake. Huyu anagombana sana, ila kwa kunyamaza.

Ugomvi wao wa sasa ni fremu. Mama anataka kukodi fremu ya duka barabarani, aache kukaa juani na mvuani. Amelisema jambo hilo msimu mzima. Mzee hajibu. Nilipompata peke yake nikathubutu kumuuliza kwa nini. "Nikisema hapana ataniuliza sababu," akasema. "Nikisema ndiyo, nitakuwa nimesema ndiyo."

Ukiwa Rombo, mlima unaouona kwa karibu ni Mawenzi, ule wenye meno, mita 5,149. Kibo, mita 5,895, huwa nyuma yake, mweupe na laini. Wachagga wana hadithi kuhusu hali hiyo, na husimuliwa kwa namna nyingi. Katika ile niijuayo, Mawenzi aliacha moto wake uzimike, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Alimkuta Kibo anatwanga ndizi. Akapewa chakula, akapewa moto. Njiani moto ukazimika, au akauzima, akarudi. Akapewa tena. Aliporudi mara ya tatu Kibo alimtwanga kwa mchi, ndiyo maana hadi leo Mawenzi ana mabonde na makovu. Watoto hufundishwa hapo kuhusu uvivu. Mimi naiona ni hadithi ya ndoa, tena ya wale wale: mmoja anayerudi na kurudi kwa jambo lile lile, na mmoja anayetoa kidogo, anatoa kidogo, haongei, halafu siku moja anashika mchi. Hakuna popote katika hadithi hiyo ambapo Kibo alisema mapema, "Jirani, mara hii ya pili nimechoka."

Wanasaikolojia wanaufahamu mwendo huo. Mwaka 1990 Andrew Christensen na Christopher Heavey, huko Marekani, waliwakalisha wanandoa na kuwapa mada mbili za kuzungumza: moja ni kitu ambacho mke anataka mume akibadilishe, nyingine ni kitu ambacho mume anataka mke akibadilishe. Kwenye mada ya mke, mke alifuata na mume akakwepa, kama ilivyotarajiwa. Kwenye mada ya mume, tofauti hiyo ilitoweka. Wanaume nao walijua kufuata na wanawake nao walijua kukwepa. Mtu anayetaka kitu kibadilike ndiye anayeongea. Aliyeridhika na hali ilivyo hana haja ya mazungumzo, maana kila siku inayopita bila uamuzi ni ushindi wake.

Rudi kwenye fremu. Mama anaitaka, mzee hana shida na soko la juani kwa sababu si yeye anayekaa juani. Lakini nilipodadisi zaidi, ikabainika kwamba msimu uliopita mzee alitaka kuuza ng'ombe mmoja ili achimbe kisima cha kuvunia maji ya mvua. Nani alikuwa anaongea wakati huo? Mama alicheka tena. "Alinifuata hadi shambani," akasema. "Kila siku kisima, kisima. Mimi nikawa naimba zangu." Mkimya wa Tarakea, flegmatiki wa semina, aligeuka msemaji siku alipokuwa na lake.

Kuna wakati hoja hii, kwamba hali ndiyo humfanya mtu aongee au anyamaze, inakaza zaidi, nao ni Desemba. Rombo, kama Uchagga wote, huishi na watu wake nusu nje: Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, Mombasa. Kuna nyumba ambazo mume huonekana wiki mbili au tatu kwa mwaka, akishuka basi na mabegi kabla ya Krismasi. Miezi mingine yote ndoa iko kwenye simu, na simu haimtendei haki mkimya. Ana kwa ana, mtu asiye na maneno anaweza kurekebisha paa, akamenya ndizi, akamshika mtoto, na mkewe akajua anapendwa. Kwenye simu hana paa. Anabaki na "ndiyo", "sawa" na "nitatuma". Mwongeaji kwa upande wake hung'ara kwenye simu miezi kumi na moja, kisha anashuka basi na inagundulika kwamba yale maneno matamu hayakuwa na mikono. Mama mmoja wa makamo huko Usseri aliniambia kwamba Desemba ya kwanza baada ya harusi yake alijiona kama ameletewa mgeni. Walizoeana ilipofika Januari, siku ya kusafiri.

Hapo ndipo ninapokosana na wale wanaodharau kabisa habari za aina za watu. Zina faida moja: zinampa mtu nafasi ya kusema, "Mimi ninapokuwa kimya sijakasirika, ndivyo nilivyo," bila kuonekana anajitetea. Hilo si dogo. Faida hiyo inaisha pale aina inapogeuka kinga. "Ndivyo nilivyo" ya mtu aliyekwenda kupumzika kibandani haifanani na "ndivyo nilivyo" ya mtu asiyemsemesha mkewe wiki mbili ili amkomoe, wala na ya mtu aliyenyamazishwa na gongo. Mwaka 2015 zilivuma habari kwamba wanawake wa Rombo wanavuka mpaka kutafuta wanaume kwa sababu wa kwao wamemalizwa na pombe. Mitandao ilicheka mpaka ikachoka. Sikumbuki kuona mahali wanawake wenyewe walipoulizwa nyumbani kwao kunazungumzwa nini, na nani anamsikiliza nani.

Mila ilikuwa na njia ya kumsaidia asiyejua kuomba radhi kwa mdomo. Jani la isale, lile lile linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, hufungwa fundo na kupelekwa na mtu mzima kwa aliyekosewa. Aliyelipokea hawezi kulidharau hivi hivi. Kukataa isale ni jambo linaloogopwa. Faida yake kwa mkimya ni wazi, maana halimlazimishi kutoa hotuba. Faida yake kwa mwongeaji sijaisikia ikisemwa sana, nayo ni kwamba linamnyamazisha. Ukishapeleka isale huwezi kuongeza "lakini na wewe pia". Mjumbe ndiye anayeongea, na mjumbe mzuri anaongea kidogo.

Siku hizi kazi hiyo imeangukia zaidi wasimamizi wa ndoa, wale wanandoa wazoefu waliosimama na maharusi kanisani. Wengi huchaguliwa kwa uwezo wa kuchangia kamati ya harusi, jambo ambalo naliona ni kosa la wazi. Kama mimi ningeoza mwongeaji na mkimya, ningetafuta wasimamizi ambao mmoja wao ni mkimya, ili nyumba isije ikapata wakili wa upande mmoja. Wasimamizi wakishindwa, sheria nayo ina mlango wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, fungu la 101, isipokuwa katika hali chache, haimruhusu mtu kwenda mahakamani kuomba talaka kabla shauri halijapita kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa. Fungu la 107 linataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyachukua kuwa ushahidi kwamba ndoa imevunjika kabisa: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa muda usiopungua miaka mitatu, na mengineyo. "Hatuendani" haimo. Waliotunga sheria hiyo, nadhani, walijua kwamba wangeliweka neno hilo, foleni ingeanzia Tarakea na kuishia Mtwara.

Kwa wenyeji wangu hakuna aliyetaja baraza. Wana utaratibu wao, ambao hakuna aliyewafundisha. Mama hasemi jambo zito siku ya soko. Mzee haruhusiwi kutoka kwenda kilabuni siku inayofuata kabla jambo halijasemwa, na akishaambiwa anapewa hadi ng'ombe walale. Jibu lake likiwa kimya, mama analihesabu kuwa ndiyo na kuanza kutekeleza. Kwa namna hiyo kisima hakikuchimbwa, kwa sababu mama aliimba badala ya kunyamaza, na kuimba kwa sheria za nyumba ile ni hapana.

Fremu ni shauri jingine. Mama ameshaongea na mwenye jengo na kutanguliza kodi ya miezi mitatu. Mzee alilisikia hilo kwa mara ya kwanza nilipokuwa nimekaa pale pale, na akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizozipata kwake: kama fremu ina kofuli, funguo ziwe mbili, na moja akae nayo yeye.

"Za nini?" mama akauliza. "Wewe utauza nini?"

Akaenda kuwaangalia ng'ombe.